Kati ya ulimbo na utelezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu molekuli za mshikamano na mwendo wa seli katika mfumo wa neva

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wa uuguzi na maabara, kwa walimu wa baiolojia, na kwa wazazi ambao daktari aliwatajia neno moja gumu kisha akawaacha nalo. Mengine huja kila mwaka, mengine niliulizwa mara moja tu lakini yalinikalia kichwani.

Molekuli za mshikamano ni nini hasa?

Ni protini zilizochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa nje, mkia ndani. Kichwa hushika kitu: ama protini ya seli jirani, ama utandazo wa protini uliojaa katikati ya seli. Mkia nao umefungwa kwenye kiunzi cha ndani ya seli, hasa nyuzi za aktini. Ndiyo maana sipendi sana kuziita gundi. Gundi hupakwa juu ikaishia hapo. Hizi ni mikono yenye bega: ukivuta kiganja, mwili mzima unahisi.

Kwa nini seli za neva zihame? Zingezaliwa palepale zinapohitajika si ingekuwa rahisi?

Karakana za kuzalisha seli za neva ni chache, na mahali pa kazi ni pengi. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na nyingi mno hazikai pale zilipozaliwa. Zile za gamba la ubongo, sehemu yenye mikunjo inayoonekana kwa nje, huzaliwa ndani kabisa, kwenye kuta za vyumba vyenye maji, kisha hupanda kuelekea nje. Sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika mama akiwa na mimba ya kati ya wiki ya 12 na ya 24. Na mpangilio wake ni wa ghorofa: wanaotangulia hukaa chini, wanaofuata huwapita na kukaa juu yao. Kila seli inayochelewa kuzaliwa inalazimika kupenya katikati ya waliokwisha kuhamia.

Kuna na mwendo wa aina ya pili. Mwili wa seli umetulia, lakini mkia wake mrefu, aksoni, unaendelea kusafiri ukitafuta wa kuunganishwa naye. Molekuli zilezile hutumika katika safari zote mbili, kwa hiyo hapa chini nitazungumzia zote bila kuzitenganisha kila mara.

Kama kazi yake ni kushika, inakuwaje zisaidie seli kutembea?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa hili, mengine yote ni mifano.

Mtazame mkwezi wa mnazi. Miguu iko ndani ya kitanzi cha kamba, mikono imelikumbatia shina. Mikono ikishika, miguu inapanda. Miguu ikikaza, mikono inaachia na kushika juu zaidi. Hakuna hatua hata moja isiyohitaji kushika, na hakuna isiyohitaji kuachia. Mvua ikinyesha shina likawa utelezi, mkwezi anabaki chini. Sasa chukua ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege, ulipake shina lote kuanzia chini hadi kwenye makuti. Hapo pia hapandi. Mkono wa kwanza utashika vizuri sana, na hautatoka.

Seli nayo ndivyo ilivyo. Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani waliziweka seli juu ya vioo vilivyopakwa protini ya kushikiwa kwa viwango tofauti, wakapima mwendo wake. Penye mshiko hafifu zilikwenda polepole. Penye mshiko mkali zilikwenda polepole vilevile. Mwendo mkubwa ulikuwa katikati. Zile hazikuwa seli za neva, lakini kanuni imekuja kuonekana tena na tena kwenye neva.

Ukitaka kujua nguvu inatoka wapi, fikiria daladala. Kwenye ncha ya mbele ya seli, nyuzi za aktini hujengwa na kuvutwa nyuma muda wote, kama injini inayounguruma gari likiwa limesimama kituoni. Kelele ipo, moshi upo, gari haliendi. Mpaka klachi ishike. Mwaka 1988 Timothy Mitchison na Marc Kirschner walipendekeza kwamba molekuli za mshikamano ndizo klachi: zikishika nje na kujifunga kwenye aktini ndani kwa wakati mmoja, ile nguvu ya kuvuta nyuma inageuka kuwa ya kusukuma mbele. Dereva yeyote wa Mbagala angewaambia hivyo.

Na seli huachiaje?

Kwa njia kadhaa. Huvimeza vishikio vya nyuma na kuvitoa tena mbele, yaani mkono uleule unatumika mara nyingi. Huvikata kwa vimeng'enya. Hupunguza utengenezaji wake kwa kuzima jeni. Au huvivisha sukari inayoteleza, na hii ya mwisho nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo ninayoipenda.

Ziko za aina ngapi?

Kwa mfumo wa neva, jamii tatu zinatosha kuanzia. Kaderini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hazifanyi kazi bila kalsiamu. Integrini hushika utandazo wa nje ya seli, kwa mfano laminini. Kila moja ni jozi ya minyororo miwili, na binadamu ana jozi 24. Halafu kuna jamii ya imunoglobulini, ambamo mna N-CAM na L1, zisizohitaji kalsiamu.

Nani alizigundua?

Wengi, lakini kisa cha Masatoshi Takeichi kinastahili kusimuliwa. Miaka ya 1970 alitoka Kyoto kwenda kufanya kazi Baltimore, Marekani. Kule Kyoto alikuwa amezoea kutenganisha seli kwa kimeng'enya cha tripsini, kisha akiziacha ziungane tena. Alipofanya jambo lilelile Baltimore, seli zikakataa kuungana. Alifuatilia hadi akabaini tofauti: tripsini ya maabara ile ilichanganywa na kemikali inayonyakua kalsiamu. Kalsiamu ikiwepo, kuna protini fulani ambayo tripsini haiwezi kuikata. Kalsiamu ikiondolewa, inakatwa na mshikamano unakwisha. Kutokana na majaribio kuharibika kwa sababu ya chupa tu, akapata njia ya kuitafuta protini hiyo. Alichapisha mwaka 1977, na mwaka 1984 ikapewa jina kaderini.

Baadaye kundi lake lilichukua seli zisizo na kaderini kabisa, likaziingizia jeni lake. Zikaanza kushikamana. Walipochanganya seli zenye kaderini ya aina moja na zenye aina nyingine, kila kundi lilijitenga na wenzake ndani ya chombo kimoja. Hakuna aliyeziongoza.

N-CAM ilitoka kwa Gerald Edelman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, miaka hiyohiyo ya 1970. Edelman alikuwa ameshapata Nobeli ya mwaka 1972 kwa kueleza muundo wa kingamwili, akaamua kuhamia kwenye ubongo. N-CAM ilipokuja kusomwa muundo wake ilionekana imejengwa kwa vipande vinavyofanana na vya kingamwili. Alikimbia nyumbani akamkuta jirani yake ugenini.

Seli hupandaje kwenye gamba la ubongo?

Kwa kufuata nguzo. Kuna seli za glia, yaani seli za msaada za ubongo, zenye nyuzi ndefu zinazotoka kwenye vyumba vya maji hadi juu. Pasko Rakic alizionyesha vizuri kwenye ubongo wa nyani mwanzoni mwa miaka ya 1970: seli changa ya neva imeung'ang'ania uzi wa glia mwili mzima, mkono mmoja mrefu ukitangulia mbele. Ni mkwezi yule yule. N-kaderini, kaderini ya seli za neva, ni mojawapo ya vishikio vyake. Ikiwa chache mno seli inapoteza nguzo. Ikizidi inashindwa kuendelea.

Mwendo wake ni wa mikromita kumi hadi makumi machache kwa saa. Kwa saa nzima, mara nyingi seli haijavuka hata upana wa unywele.

Juu kabisa kuna protini iitwayo rilini, ambayo huathiri mshiko huo na kuiambia seli ilikofika. Ilijulikana kwa panya wanaopepesuka wakitembea, walioelezwa Edinburgh mwaka 1951. Jeni lenyewe likapatikana mwaka 1995. Kwa panya hao, ghorofa zimevurugika: seli za mwisho hazikuweza kuwapita wa kwanza.

Hiyo sukari inayoteleza ni ipi?

Inaitwa asidi ya polisiali. Ni mnyororo mrefu wa sukari ya aina moja, iliyojaa chaji hasi, na hujivisha hasa juu ya N-CAM. Chaji hasi huvuta maji. Kwa hiyo molekuli iliyovishwa inazungukwa na tabaka nene la maji, na seli mbili zilizokuwa karibu kushikana zinawekwa mbali kidogo. Ukishawahi kuosha bamia iliyokatwa unajua mkono unavyohisi.

Ubongo wa kijusi umejaa sukari hii. Wa mtu mzima unayo kidogo tu, katika maeneo machache. Mantiki yake iko wazi. Wakati wa kuhama, utelezi. Wakati wa kukaa, mshiko.

Jaribio lililonishawishi ni la mwaka 2005. Watafiti waliwaondolea panya vimeng'enya viwili vinavyotengeneza sukari hii. N-CAM ikabaki lakini tupu, bila vazi. Panya walizaliwa na kasoro kubwa za ubongo na wengi walikufa wachanga. Mtu angesema, basi sukari hii ina kazi yake kubwa ya peke yake. Lakini walipoondoa na N-CAM yenyewe, yaani wakawa na panya wasio na sukari wala kishikio, sehemu kubwa ya madhara yale ikatoweka. Kumbe kilichoua ni ulimbo ulioachwa wazi. Kukosa mkono kuna nafuu kuliko kuwa na mkono usiojua kuachia.

Na sasa jambo ambalo wengi wenu mmeligusa bila kujua. Aliyekwenda kuhiji amechomwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kwenye cheti chake kumeandikwa herufi ACWY. Ni makundi manne ya bakteria wa meningokoka. Herufi B iko wapi? Bakteria wa kundi B wapo na wanaua. Tatizo ni kwamba koti lao limefumwa kwa asidi ya polisiali ileile ya ubongo wa kijusi. Chanjo za ACWY hutengenezwa kutokana na koti. Ukitumia koti la B, kinga ya mwili hailioni kuwa geni, na kama ungeifundisha kulichukia ungekuwa unaifundisha kuchukia tishu zetu wenyewe. Chanjo ya kundi B ilibidi itengenezwe kwa protini badala ya koti, na ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2013. Mdudu amevaa kanzu ya mwenye nyumba.

Ni kweli kwamba ubalehe unategemea seli zilizosafiri kutoka puani?

Kweli kabisa, na watu huwa hawaniamini.

Ubalehe huanzishwa na homoni iitwayo GnRH, inayotolewa na seli chache zilizo kwenye haipothalamasi, chini ya ubongo. Kwa panya ni kama 800 tu. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba seli hizi hazizaliwi ubongoni. Huzaliwa kwenye kidoa cha tishu kitakachokuwa pua, hupenya tundu za mfupa ulio juu ya pua, na kuingia ubongoni zikifuata aksoni za neva za kunusa kama wasafiri wanaofuata njia ya reli. Njia hiyo imepambwa kwa N-CAM yenye polisiali.

Njia ikivurugika, seli hukwama mlangoni. Mtoto anakua, anafika miaka 17 au 18, sauti haijavunjika, ndevu hakuna, au binti hajavunja ungo. Na ukimuuliza vizuri, hasikii harufu. Hali hii huitwa sindromu ya Kallmann, kwa jina la Franz Kallmann aliyeieleza mwaka 1944, ingawa daktari wa Kihispania Maestre de San Juan alikuwa ameshakutana nayo mwaka 1856. Jeni la kwanza la ugonjwa huu lilitambuliwa mwaka 1991. Liko kwenye kromosomu X, na hutengeneza anosmini, protini ya nje ya seli inayofanana na molekuli za mshikamano. Siku hizi majeni mengi mengine yanajulikana.

Kwa wahudumu wa afya: kijana aliyechelewa kubalehe mpe anuse karafuu au kahawa iliyosagwa, macho yakiwa yamefumbwa. Wengi hawajui kama hawanusi, kwa sababu hawajawahi kunusa. Si uchunguzi kamili, lakini ni sababu nzuri ya kumpa rufaa kwa daktari wa homoni. Tiba ipo, na wengi hupata ubalehe na hata watoto. Familia nyingi huishia kwenye maneno ya kurogwa kabla ya kufika huko, na miaka inapotea.

Utumbo unahusikaje na mfumo wa neva?

Utumbo una neva zake, na hizo nazo ni wahamiaji. Hutoka kwenye ukingo wa mrija wa neva (bomba la kiinitete litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo), sehemu ya shingoni, kwenye kiinitete cha wiki ya nne hivi, zikashuka na utumbo mzima hadi mwisho, zikifika wiki ya saba. Nicole Le Douarin, mwanasayansi wa Ufaransa, alizifuatilia seli za ukingo huu kuanzia mwaka 1969 kwa kupandikiza za kware kwenye kiinitete cha kuku. Kiini cha seli ya kware huonekana tofauti kwenye hadubini, kwa hiyo haiwezi kujificha.

Ili ziondoke kwenye mrija, seli hizi hupunguza kaderini zinazozifunga kwa majirani. Zikishaanza safari ya utumbo hutembea kwa misururu, zikigusana, na L1 na integrini huzisaidia. Msururu usipofika mwisho, kipande cha chini cha utumbo mpana kinabaki bila neva na hakisukumi kinyesi. Huo ni ugonjwa wa Hirschsprung, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Jeni lake kuu, RET, si la mshikamano, lakini panya wasio na integrini fulani kwenye seli hizi hupata tatizo kama hilo. Dalili ya mapema: mtoto mchanga ambaye hajatoa choo cha kwanza cheusi ndani ya saa 48, na tumbo linajaa. Mpelekeni hospitali, msimpe chochote cha kufungua choo nyumbani. Ni upasuaji unaotibu.

Mwanangu ana kichwa kikubwa. Je, ni L1?

Yawezekana, lakini uwezekano ni mdogo. L1 ni kishikio cha aksoni, na jeni lake liko kwenye kromosomu X, kwa hiyo wanaoumwa karibu wote ni wavulana na mama ndiye mbebaji asiyeugua. Kasoro yake hutokea kwa takriban mvulana 1 kati ya 30,000. Aksoni zinazotakiwa kuvuka kutoka upande mmoja wa ubongo kwenda mwingine hupotea njia, mfereji wa maji ya ubongo huwa mwembamba, na maji hujaa. Dalili ya kuangalia ni kidole gumba: kwa wengi wao kimekunjwa kuelekea kiganjani na hakinyooki. Kama ndugu wa kiume wa mama nao waliugua au walikufa wachanga wakiwa na vichwa vikubwa, mwambieni daktari.

Hapa kwetu sababu za kawaida ni nyingine. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ambayo hupokea watoto wengi wa aina hii, zaidi ya nusu ya waliochunguzwa na Benjamin Warf mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamejaa maji baada ya maambukizi ya utotoni. Wengine huja na mgongo wazi. Kwa vyovyote vile, usisubiri kujua sababu: kichwa kinachokua haraka kinahitaji kuonwa wiki hii, si baada ya mavuno.

Pombe wakati wa ujauzito inagusa molekuli hizi?

Ndiyo, angalau moja. Mwaka 1996 ilionyeshwa maabarani kwamba seli zilizopewa L1 ya binadamu hushikamana, na ukiongeza pombe mshikamano huo unapungua, hata kwa kiwango kidogo ambacho mtu hukifikia kwa kunywa kidogo tu. Si njia pekee ambayo pombe humdhuru mtoto tumboni, lakini inaeleza kwa nini baadhi ya watoto hao wana kasoro za ubongo zinazofanana na za kukosa L1, kwa mfano daraja la katikati ya ubongo kuwa jembamba au kutokuwepo. Mbege, ulanzi, gongo, bia ya chupa: kwa L1 ni kitu kimoja. Watu huniuliza kama mbege si chakula tu. Ni chakula chenye pombe.

Vidonge vya foliki navyo hufanya kazi kwa njia hii?

Hapana. Mrija wa neva unapojifunga na kujitenga na ngozi, seli zake hubadilisha E-kaderini kuwa N-kaderini, na huko mshikamano una kazi kubwa. Lakini foliki ni vitamini ya kujengea seli zinazogawanyika. Itumie hata hivyo, na uanze kabla ya kushika mimba, kwa kuwa mrija hujifunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito.

Seli za kinga huingiaje ubongoni, na kuna dawa ya kuzizuia?

Hushika ukuta wa mshipa wa damu kwanza, kisha hupenya. Mojawapo ya vishikio vyake ni integrini yenye mnyororo wa alfa-4. Kwenye ugonjwa wa MS, ambapo kinga hushambulia ganda la neva, dawa ya natalizumabu huifunika integrini hiyo, na seli zinapita kwenye damu bila pa kushika. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2004, ikaondolewa sokoni Februari 2005, ikarudishwa 2006 kwa masharti. Sababu ya kuondolewa inafundisha zaidi kuliko mafanikio yake: ubongoni mwa baadhi ya wagonjwa viliamka virusi vya JC, virusi ambavyo watu wengi wanavyo bila madhara, kwa sababu walinzi waliokuwa wakipita kukagua walikuwa wamefungiwa nje pamoja na wahalifu.

Na saratani ya ubongo?

Glioma hutambaa ndani ya ubongo kwa kufuata mishipa ya damu na njia za aksoni, kwa vishikio vilevile, ndiyo maana daktari wa upasuaji hawezi kuitoa yote. Silengitaidi, dawa ya kuzuia integrini, ilibeba matumaini makubwa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014 halikuonyesha kwamba inaongeza maisha. Saratani ina mikono mingi.

Vimelea navyo huzitumia?

Baadhi. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kutumia N-CAM kama mlango wa kuingilia kwenye neva, miongoni mwa milango mingine, kisha vinasafiri ndani ya aksoni kuelekea ubongoni. Bakteria wa ukoma hujishikiza kwenye laminini inayozunguka seli za Schwann, zinazofunika neva za mikono na miguu, ndiyo maana ganzi huja mapema. Ukiumwa na mbwa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha kachanjwe siku hiyohiyo.

Kuna kirutubisho cha kuongeza molekuli hizi?

Hakuna. Anayekuuzia anakuibia.

Naweza kuona seli ikitembea kwa macho yangu?

Ya neva ni vigumu bila maabara, ingawa Ross Harrison aliweza mwaka 1907: alichukua kipande cha mrija wa neva wa kiluwiluwi mchanga, akakining'iniza kwenye tone la limfu ya chura, akakaa akitazama nyuzi zikiota. Kwa shule ya kawaida, amiba inatosha. Chota maji na tope la juu kutoka kwenye dimbwi lenye majani yaliyooza, weka tone kwenye kioo, funika, uwe na subira. Usikimbilie kukuza sana. Ukimpata ameshika kioo utaona anavyomimina mwili mbele na kuinua nyuma. Lakini jaribu kumpata anayeelea, ambaye hajagusa kioo. Anatoa miguu bandia pande zote kama nyota, anairudisha, anaitoa tena. Ana nguvu zote na haendi popote. Mwache dakika chache, mguu mmoja uguse kioo.